Kuchoma Mkaa Pasipo Kuuteketeza: Mtengano wa Kuni kwa Joto Kali Ndani ya Tanuri la Udongo

1.0 Utangulizi

Mkaa unajulikana katika kila mtaa wa miji ya Tanzania, lakini mchakato unaouzalisha haujulikani kwa kiwango hichohicho. Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 kuhusu sekta ya mkaa nchini ilikadiria kuwa matumizi ya taifa yalikuwa yamefikia takribani tani milioni moja kwa mwaka, na kwamba sehemu ya kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2006, serikali ilitangaza marufuku ya mkaa ambayo haikudumu. Mjadala uliofuata, bungeni, magazetini na hata katika tafiti, ulijikita katika mambo mawili: miti inayokatwa kabla ya tanuri kuwashwa, na magunia yanayosafirishwa baada ya tanuri kufukuliwa. Siku zilizo kati ya mambo hayo mawili, ambazo kuni hukaa chini ya udongo zikifuka moshi, zimeshughulikiwa kwa sentensi moja au mbili.

Pengo hilo si dogo. Katika siku hizo ndimo sehemu kubwa zaidi ya nishati ya mti hupotea, na ndimo wingi na ubora wa mkaa huamuliwa. Makala haya yanaeleza kinachotokea katika siku hizo: mtengano wa kikemia wa kuni kwa joto kali katika uhaba wa hewa, mchakato ambao wanakemia huuita pirolisisi kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya moto na kufungua. Hapa inatumika istilahi mtengano-joto. Tanuri linalochunguzwa ni lile la udongo, linalojengwa msituni kwa magogo, majani na mchanga, kwa kuwa ndilo linalotoa sehemu kubwa ya mkaa unaouzwa nchini.

2.0 Kitenzi kimoja, michakato miwili

Kiswahili husema mtu anachoma nyama, anachoma matofali, anachoma chokaa, anachoma taka na anachoma mkaa. Kwa mzungumzaji wa kawaida kitenzi hiki hakileti shida, kwani muktadha humwelekeza. Kwa mwanafunzi wa kemia, hata hivyo, na kwa afisa misitu anayeandika maelekezo ya uzalishaji, kitenzi hicho hufunika tofauti ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Taka zikichomwa hubaki majivu. Mkaa ukichomwa kwa namna hiyohiyo nao hubaki majivu, na mchomaji atakuwa amepata hasara tupu.

Tofauti iko kwenye oksijeni. Katika mwako, kaboni na haidrojeni zilizomo ndani ya kuni huungana na oksijeni ya hewa na kutoa kabonidayoksaidi, mvuke wa maji na joto jingi. Katika mtengano-joto, oksijeni ya nje haihitajiki. Joto lenyewe hutikisa molekuli kubwa hadi vifungo vyake vikatike. Vipande vidogo huondoka vikiwa gesi na mvuke, na sehemu iliyobaki hujipanga upya ikiwa na kaboni nyingi zaidi kuliko mwanzo. Mwako huhitaji hewa na hutoa joto. Mtengano-joto huhitaji joto na huharibiwa na hewa.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wa kale unaosaidia kuitambua tofauti hii, nao ni chokaa. Misikiti na nyumba za mawe za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kupasha joto matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo yanayowaka. Matumbawe ni kalisi kabonati kwa sehemu kubwa. Yakifikia nyuzijoto karibu 900 za Sentigredi, huachia kabonidayoksaidi na kubaki kalisi oksaidi, yaani chokaa mbichi. Hesabu yake ni nyepesi: kila kilo 100 za kalisi kabonati safi hutoa kilo 44 za gesi na kuacha kilo 56 za chokaa. Hapa hakuna anayeweza kudai kuwa jiwe limeungua, maana jiwe haliwaki. Kilichowaka ni magogo, jiwe lilitengana. Katika tanuu la chokaa, kinachowaka na kinachotengana ni vitu viwili vinavyoonekana kwa macho.

Katika tanuri la mkaa vitu hivyo viwili ni kimoja. Gogo ndilo linalowaka na gogo ndilo linalotengana, ndani ya rundo moja, kwa saa zilezile. Ugumu wote wa kazi ya mchomaji unatokana na hilo: anatakiwa awashe sehemu ya kuni zake ili ziipashe joto sehemu nyingine, kisha azuie sehemu hiyo nyingine isifuate njia ya ile ya kwanza.

3.0 Gogo ndani ya joto

Kuni kavu, ziwe za mtundu, mninga au mti mwingine wa miombo, zina takribani asilimia 50 ya kaboni, asilimia 6 ya haidrojeni na asilimia 44 ya oksijeni kwa uzito, ukiacha kiasi kidogo cha madini ambacho baadaye huwa majivu. Elementi hizo zimefungamana katika maunzi makuu matatu. Selulosi ni minyororo mirefu ya glukosi inayoupa mti uimara wa kuvutika. Hemiselulosi ni minyororo mifupi yenye matawi, iliyofumwa na sukari za aina mbalimbali. Lignini ni mtandao mgumu wa pete za kaboni unaoshikanisha nyuzi zote. Maunzi haya hayatengani kwa pamoja, na mpishano huo ndio unaoupa moshi wa tanuri sura zake tofauti.

Kinachotoka kwanza ni maji. Mti uliokatwa karibuni unaweza kubeba maji yenye uzito unaokaribia ule wa kuni zenyewe. Hadi maji hayo yaondoke, joto la ndani ya gogo haliwezi kupanda sana juu ya nyuzijoto 100, hata kama upande wa nje unafikia mamia, kwa kuwa kila nishati inayoingia hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Kilo moja ya maji yaliyo katika joto la kawaida huhitaji megajuli 2.6 hivi ili yote yawe mvuke. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya megajuli 18 hadi 19. Kwa hiyo mchomaji anayepanga magogo mabichi, yenye kilo moja ya maji kwa kila kilo ya kuni kavu, analazimika kutumia kiasi cha asilimia 14 ya nishati yote ya kuni hizo kukaushia tu. Nishati hiyo haitoki mbinguni. Inatoka kwenye kuni zilezile alizotaka zigeuke kuwa mkaa.

Baada ya maji, hemiselulosi ndiyo huanza. Vipimo vya maabara huonyesha kuwa sehemu kubwa ya maunzi haya hutengana kati ya nyuzijoto 220 na 315. Makundi ya asetili yaliyoning'inia kwenye minyororo yake hukatika na kutoa asidi asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Ukali wa moshi wa hatua hii machoni na puani unatokana kwa kiasi fulani na asidi hiyo. Methanoli nayo hutoka. Kabla viwanda vya kemia havijapata njia nyingine za kuzitengeneza katika karne ya 20, kemikali hizi mbili zilipatikana Ulaya na Marekani kwa kuyeyusha kuni ndani ya mapipa ya chuma na kupoza moshi wake, na ndiyo sababu methanoli iliitwa pombe ya kuni. Tanuri la msituni huzitoa hewani zote.

Selulosi hufuata kwa ghafla zaidi. Kati ya nyuzijoto 315 na 400 karibu yote huwa imesambaratika. Kama joto linapanda haraka, minyororo hukatika katikati na vipande vyake hukimbia vikiwa mvuke mzito unaoganda kuwa lami. Kama joto linapanda polepole, molekuli hupata muda wa kuachia maji na kuungana zenyewe kwa zenyewe, na kaboni nyingi zaidi hubaki. Hii ndiyo sababu ya kikemia ya subira ya mchomaji: tanuri linalokimbizwa hutoa lami na gesi nyingi, lile linalokwenda taratibu hutoa mkaa mwingi. Unene wa magogo na udongo wa juu vina faida hapa, kwa kuwa mvuke wa lami unaocheleweshwa ndani ya gogo nene, ukipita juu ya mkaa wa moto uliokwisha kufanyika, huvunjika tena na kuacha kaboni nyingine ukutani mwa vinyweleo.

Lignini haina haraka. Huanza kulegea kwenye nyuzijoto zisizofika 200 na kuendelea hadi karibu 900, na ndiyo inayochangia kaboni nyingi zaidi kwa kila kilo yake. Upendeleo wa wachomaji kwa miti migumu na mizito una maelezo mengine pia, hasa uzito wa kipande cha mkaa kwa ujazo wake, lakini lignini ni sehemu ya maelezo hayo.

Kuna nukta moja ambayo imezua kutoelewana katika maandishi. Vitabu vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) vya miaka ya 1980 vinaeleza kwamba, ikifika nyuzijoto 270 hadi 290 hivi, mchakato huanza kutoa joto wenyewe. Kauli hiyo ni sahihi kwa gogo nene lililofunikwa, ambamo maitikio ya pili ya mvuke na mkaa hupata nafasi. Haimaanishi kuwa kuanzia hapo tanuri linajitosheleza milele. Joto hilo ni dogo, na likipotea kupitia udongo uliolowa, kazi husimama na magogo hutoka yakiwa vijinga, meusi nje na ya kahawia ndani.

4.0 Tanuri linalojilisha

Ujenzi wa tanuri la udongo unafahamika vya kutosha, hivyo maelezo mafupi yanatosha. Magogo yaliyokatwa kwa urefu wa mita moja hadi mbili hupangwa juu ya miti ya kutandikia, ili hewa kidogo ipite chini. Mapengo hujazwa vijiti. Rundo hufunikwa kwa majani mabichi au nyasi, kisha udongo. Upande mmoja huachwa mlango wa kuwashia, na matundu machache huachwa chini na upande wa pili. Moto ukishashika, mlango huzibwa.

Kuanzia hapo tanuri hujilisha. Karibu na tundu la hewa, kuni na gesi huwaka kabisa. Joto husogea mbele, hukausha magogo yanayofuata, kisha huyatenganisha. Eneo la moto husafiri polepole kutoka upande wa kuwashia hadi upande wa pili kwa siku kadhaa, au hata majuma mawili na zaidi kwa tanuri kubwa. Nyuma ya eneo hilo hubaki mkaa wa moto ambao, ukipata hewa, utawaka kwa urahisi kuliko kuni zilizoutangulia. Udongo ukipasuka mahali hapo, mkaa uliokwisha kuiva ndio unaoteketea.

Kwa hiyo mchomaji hulala kando ya tanuri. Usiku huamka kutazama nyufa. Rundo linapopungua ujazo, udongo hudidimia na kufungua mianya mipya, naye hulazimika kupanda juu yake na koleo ili kuiziba, akikanyaga tabaka jembamba la mchanga lililo juu ya makaa ya mamia ya nyuzijoto. Ajali ya mguu kutumbukia ni hatari inayoeleweka kwa kila mwenye kazi hii, ingawa maandishi ya sera huiorodhesha mara chache sana miongoni mwa gharama za mkaa.

Hesabu ya nishati inaonyesha ukubwa wa kinacholiwa. Chukua kilo 1,000 za kuni kavu zenye megajuli 18,500. Tanuri lenye mavuno ya asilimia 15 litatoa kilo 150 za mkaa. Kwa wastani wa megajuli 30 kwa kilo, mkaa huo una megajuli 4,500, sawa na asilimia 24 tu ya nishati ya mwanzo. Tanuri lenye mavuno ya asilimia 25 litatoa megajuli 7,500, yaani asilimia 41. Kwa lugha ya msitu, kilo 150 zilezile za mkaa ambazo katika tanuri la kwanza zilihitaji kilo 1,000 za kuni, katika tanuri la pili zinahitaji kilo 600. Miti minne kati ya kila kumi ingebaki imesimama bila mkaa wa mjini kupungua hata gunia moja.

Je, kuna kikomo cha juu? Kwa selulosi kinaweza kukokotolewa. Kaboni ni asilimia 44.4 ya uzito wake. Kama oksijeni na haidrojeni zote zingeondoka zikiwa maji, kaboni yote ingebaki, na mavuno yasingeweza kuzidi kiwango hicho. Hali halisi iko chini zaidi, kwa sababu sehemu ya kaboni huondoka na kabonidayoksaidi, kabonimonoksaidi, methani na lami. Ahadi yoyote ya tanuri linalotoa mkaa halisi wa asilimia 50 ya uzito wa kuni kavu inapaswa kusomwa kwa mashaka: ama bidhaa yake ni kuni zilizobabuliwa, ama mizani ina kasoro.

5.0 Asilimia ya nini?

Mtafiti anayelinganisha takwimu za ufanisi wa matanuri hukutana na namba zinazotofautiana kupita kiasi, na mara nyingi tofauti hiyo haitoki msituni. Inatoka kwenye kigawanyo.

Tuseme kilo 1,000 za magogo zenye maji asilimia 40 zimetoa kilo 120 za mkaa. Mtafiti mmoja atagawanya kwa kilo 1,000 na kuandika asilimia 12. Mwingine atatoa maji, agawanye kwa kilo 600 za kuni kavu na kuandika asilimia 20. Wote wawili wamepima tanuri lilelile. Ripoti isiyotaja unyevu wa kuni haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote, hata ikiwa imepimwa kwa mizani bora, na inasikitisha kwamba ripoti za namna hiyo zinaendelea kunukuliwa kama ushahidi wa kulikubali au kulikataa tanuri fulani.

Tatizo la pili liko kwenye kiasi kinachogawanywa, yaani mkaa wenyewe. Mkaa si kitu kimoja. FAO ilitoa viwango vifuatavyo vya kukadiria: kwenye nyuzijoto 300 mavuno ni asilimia 42 ya kuni kavu, na mkaa huo una asilimia 68 ya kaboni thabiti, kwenye nyuzijoto 500 mavuno hushuka hadi asilimia 33, kaboni thabiti ikipanda hadi 86, kwenye nyuzijoto 700 mavuno ni asilimia 30 na kaboni thabiti ni 92. Anayesoma safu ya mavuno peke yake atahitimisha kuwa joto dogo ni bora. Ukizidisha safu zote mbili, picha hubadilika. Kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 28.6 za kaboni thabiti kwenye nyuzijoto 300, kilo 28.4 kwenye 500, na kilo 27.6 kwenye 700. Kiasi ni kilekile kwa karibu. Uzito unaoongezeka kwenye joto dogo ni wa vitu vinavyopeperuka, yaani lami na gesi ambazo hazikumaliza kutoka. Zitatoka baadaye, jikoni.

Hapo ndipo mlaji anapoingia. Mkaa ulioiva nusu huwaka kwa urahisi lakini hutoa moshi, huchafua sufuria kwa masizi na hujaza chumba harufu. Mkaa uliopita nyuzijoto 700 hauna moshi, lakini ni mgumu kuwasha na hupasuka upesi na kuwa chenga safarini. Mkaa wa kupikia unaopendwa uko katikati. Ikumbukwe pia kuwa gunia huuzwa kwa ujazo, tena mara nyingi likiwa limevimbishwa kwa lumbesa, hivyo mchomaji hana motisha ya bei ya kufuatilia kaboni thabiti. Soko humlipa kwa kulijaza gunia.

Hata mkaa ulioiva vizuri hauna usalama wa kuaminiwa chumbani. Ndani ya jiko, kabonidayoksaidi inayotokea chini ikipanda na kugusa kaboni ya moto hugeuka kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojifunga kwenye himoglobini ya damu na kuizuia isibebe oksijeni. Kukosekana kwa moshi humfanya mtu adhani kuwa hatari imekwisha, afunge dirisha alale na jiko la makaa ndani. Kila mwaka wa baridi katika nyanda za juu, dhana hiyo huua.

6.0 Kuusoma moshi

Mchomaji hana kipimajoto ndani ya tanuri. Ana moshi. Mwanzoni moshi ni mweupe, mzito na wenye unyevu, kwa sababu ni mvuke wa maji kwa sehemu kubwa. Mkono ukiwekwa juu yake hulowa. Maji yakipungua, moshi huelekea unjano na ukijivu, huwa mkali machoni na kuacha utando unaonata: hemiselulosi na selulosi zinatengana, na matone ya lami yanasafiri nao. Mwishoni huwa mwembamba wa buluu, kisha karibu usionekane kabisa. Buluu hiyo ni ishara kwamba lami imekwisha na kwamba, kuanzia hapo, kila saa ya hewa ya ziada inachoma mkaa wenyewe. Matundu huzibwa.

Maarifa haya hupatikana kwa kukaa na mzee wa kazi. Hayajaandikwa kwa namna ambayo shule inaweza kuyatumia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilionyesha kuwa lugha inaweza kubeba kemia, lakini kemia ya sekondari nchini imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kuwa kijana anayejua maana ya moshi wa buluu hajui neno la darasani la jambo hilo, na mwenzake anayelijua neno hajawahi kuuona moshi.

Moshi huo ni hasara pia. Ndani yake mna kabonimonoksaidi, haidrojeni, methani na lami, vyote vinavyowaka. Vipimo vilivyofanywa kwenye matanuri ya Kenya na Brazili, na kuchapishwa mwaka 2001, viliweka wazi kuwa uzalishaji wa mkaa hutoa gesi hizi za uunguaji usiokamilika kwa kiasi kinachostahili kuhesabiwa. Kwa methani suala hili ni zito, kwani kilo moja yake, kwa kipindi cha miaka 100, hulipasha joto anga takribani mara 28 ya kilo moja ya kabonidayoksaidi. Hoja kwamba mkaa hauna athari kwa tabianchi ilimradi miti iote tena inafaa kwa kaboni inayotoka kama kabonidayoksaidi. Haifai kwa methani, maana mti unaoota hauirudishi.

7.0 Marekebisho na anayeyagharimia

Njia za kupunguza hasara zinajulikana na zote zinafuata kemia iliyoelezwa. Tanuri la Casamance, lililotokea Senegali, hupangwa kwa mduara na kuwekwa bomba la moshi la chuma, ambalo mara nyingi huundwa kwa mapipa ya mafuta. Bomba hilo huvuta gesi za moto zishuke na kuzunguka ndani ya rundo kabla ya kutoka, hivyo joto husambaa kwa usawa na vijinga hupungua. Matanuri ya kufungiwa kabisa huenda mbali zaidi: gesi za kuni hurudishwa na kuwaka nje ya chumba cha mkaa, zikichukua nafasi ya kuni ambazo zingeliwa. Haya ya mwisho huhitaji matofali na chuma, nayo hayahamishiki. Miti ikiisha karibu na tanuri, mchomaji huhama, tanuri hubaki.

Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, mradi ulioanza mwaka 2012 chini ya Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania ulichagua njia isiyohitaji chuma: tanuri la udongo lililoboreshwa, ndani ya misitu ya vijiji inayovunwa kwa vitalu vilivyopangwa kama dama, kwa mzunguko wa miaka 24. Maboresho yenyewe yanaweza kuonekana ya kawaida mno kwa msomaji wa kemia. Kuni zikaushwe kabla. Magogo yapangwe kwa kubana, manene mahali penye joto zaidi. Matundu yahesabiwe na yasimamiwe. Kila moja kati ya hayo, hata hivyo, linagusa mojawapo ya hasara zilizokokotolewa hapo juu, na la kwanza linagusa kubwa kuliko yote.

Kukausha ndiko kugumu. Si kwa sababu mchomaji hajui. Yeyote aliyewahi kuwasha tanuri la magogo mabichi na lingine la magogo makavu ameiona tofauti kwa idadi ya magunia. Ugumu ni kuwa magogo yaliyoachwa majuma kadhaa juani ni mtaji uliolala. Mchomaji anayefanya kazi kwa mkopo wa dalali hulazimika kupeleka magunia kwa tarehe aliyopangiwa. Asiye na kibali huogopa kuacha rundo wazi porini, kwa kuwa magogo yaliyokatwa huonekana kwa doria upesi kuliko kichuguu cha udongo, na yanaweza pia kuibwa. Aliyekodi msumeno wa mnyororo hulipa kwa siku. Kwa watu hawa, asilimia 14 ya nishati inayopotelea kwenye maji ni bei wanayoilipa kwa kujua, ili kuepuka hasara nyingine iliyo karibu zaidi. Mwenye kibali halali cha kijiji, anayejua kuwa kitalu chake ni chake kwa msimu mzima, anaweza kusubiri.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Lengo hilo hata likitimia lote, matanuri hayatazimika kesho, na kwa miaka iliyo kati, kuni za kila tanuri zitaendelea kupita katika nyuzijoto zilezile: maji kwanza, hemiselulosi, selulosi, kisha lignini. Hatua ya mwisho kabisa haina moto. Matundu yote yakishazibwa, tanuri huachwa lipoe kwa siku kadhaa, kwa sababu mkaa mpya hufyonza oksijeni na unaweza kujiwasha wenyewe punde unapofukuliwa. Wachomaji wenye uzoefu hufukua kidogo kidogo, kwa upande mmoja, mchanga na ndoo ya maji vikiwa karibu, hutandaza vipande chini na kuvikesha nje usiku mmoja kabla ya kuvitia kwenye gunia.